Chancenkarte ya Ujerumani: kadi ya kutafuta kazi, alama kwa alama

Chancenkarte ni kibali cha mwaka mmoja kinachomruhusu mtu asiye raia wa Umoja wa Ulaya kuingia Ujerumani na kutafuta kazi akiwa bado hana mkataba wa mwajiri. Ilianza kutolewa tarehe 1 Juni 2024. Kwa kifupi: mwenye Kijerumani cha B1 (ngazi ya kati katika vipimo vya lugha vinavyoanzia A1 hadi C2) na vyeti vinavyokubalika Ujerumani anafaa kuichukua. Mwenye shahada, Kiingereza kizuri na maneno mawili matatu ya Kijerumani ataipata, lakini huenda akarudi nyumbani baada ya mwaka huku akiba yake imekwisha. Muuguzi asiiguse kabisa, maana ana njia nyingine iliyo bora.

Kwanza, kwa nini kadi hii ipo. Mwaka 1964 walizaliwa watoto zaidi ya milioni 1.35 nchini Ujerumani. Mwaka 2023 walizaliwa pungufu ya 700,000. Kizazi kile kikubwa ndicho kinachofungasha virago sasa: mafundi, madereva wa mabasi, wauguzi, wahandisi. Serikali imejaribu kuwazuia mlangoni. Umri wa kustaafu unapandishwa hatua kwa hatua tangu 2012 na utafika miaka 67 ifikapo 2031, na tangu Januari 2026 aliyepita umri huo akaendelea na ajira anaweza kupata hadi euro 2,000 za mshahara kwa mwezi bila kutozwa kodi ya mapato. Hatua hizo husogeza tatizo mbele tu. Watafiti wa soko la ajira nchini humo wamesema kwa miaka kadhaa kwamba nchi inahitaji wahamiaji wapatao 400,000 kila mwaka, baada ya kutoa wanaoondoka, ili idadi ya watu wanaoweza kufanya kazi isishuke. Kadi hii ni kipande kimoja cha sheria ya uhamiaji wa watu wenye ujuzi, iliyoanza 2020 na kufanyiwa marekebisho makubwa 2023 na 2024.

Kuna milango miwili ya kuipata, na wengi huuruka ule ulio rahisi. Mlango wa kwanza hauhitaji kuhesabu alama hata moja. Ukiwa na shahada inayotambuliwa kikamilifu Ujerumani, katika taaluma isiyodhibitiwa kwa leseni, sheria inakuhesabu kuwa mfanyakazi mwenye ujuzi tayari. Kinachobaki ni kuonyesha pesa za kujikimu. Hakiki mambo mawili katika hifadhidata ya serikali iitwayo anabin: chuo chako kiwe na alama H+, yaani kinatambuliwa, na shahada yako yenyewe iwe imeorodheshwa kuwa inalingana na ya Kijerumani. Kosa la kawaida ni kuona H+ ya chuo na kufunga kompyuta. Chuo kinaweza kuwa H+ na shahada yako isiwemo kwenye orodha. Hapo unaomba tathmini ya shahada kwa ofisi ya ZAB huko Bonn, kwa ada ya euro 208. Mhitimu wa kompyuta, takwimu au uchumi kutoka chuo kikubwa cha umma cha Kenya, Tanzania au Uganda aanze hapa kabla hajagusa kikokotoo chochote cha alama.

Mlango wa pili ndio wa alama. Sharti la kuingia: uwe na shahada, au mafunzo ya ufundi yasiyopungua miaka miwili yanayotambuliwa na serikali ya nchi ulikosomea, pamoja na Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2. Hapa mafundi wengi wa kwetu hukwama. Cheti cha kozi ya miezi sita hakitoshi. Cheti cha mtihani wa daraja la ufundi, ambao mtu huufanya baada ya kujifunza kazi gereji au kwa fundi wa mtaani, kinathibitisha kwamba unajua kazi, lakini hakithibitishi miaka miwili ya masomo. Diploma ya miaka miwili au mitatu ya chuo cha ufundi kilichosajiliwa inafaa. Kwa cheti cha ufundi, ushahidi kwamba kinatambuliwa na serikali hutolewa na ZAB hiyo hiyo kwa njia ya mtandao.

Sharti hilo likitimia, unahitaji alama sita. Alama nne hupewa aliyepeleka cheti chake kutambuliwa na kujibiwa kwamba kinalingana kwa sehemu. Uzoefu wa kazi wa miaka mitano ndani ya saba iliyopita ni alama tatu, na miaka miwili ndani ya mitano ni mbili. Hizo hazijumlishwi, unachukua iliyo kubwa. Kijerumani cha B2 ni tatu, B1 mbili, A2 moja, na hapa pia unachukua moja tu. Kiingereza cha C1 ni alama moja, nayo inaweza kuongezwa juu ya Kijerumani. Asiyezidi miaka 35 anapata mbili, na kuanzia hapo hadi 40 anapata moja. Kuwahi kuishi Ujerumani kihalali kwa miezi sita mfululizo ndani ya miaka mitano iliyopita ni moja, mwenzi wa ndoa anayetimiza masharti na kuomba pamoja nawe ni moja, na taaluma yenye upungufu wa watu ni moja.

Tumhesabie fundi umeme wa miaka 29 mwenye diploma ya miaka mitatu, uzoefu wa miaka mitano na Kijerumani cha A1. Umri mbili, uzoefu tatu, jumla tano. Amekosa kwa alama moja, na njia nyepesi ya kuipata ni kupanda kutoka A1 hadi A2. Mhitimu wa uhandisi wa miaka 24 asiye na uzoefu, ambaye shahada yake haijatambuliwa kikamilifu: umri mbili, Kiingereza cha C1 moja, taaluma yenye upungufu moja. Nne. Akifika B1 anatimiza sita. Mhasibu wa miaka 37 mwenye uzoefu wa miaka mitatu ya karibuni, Kijerumani cha B1 na Kiingereza cha C1: moja, mbili, mbili, moja. Sita kamili. Kila ukihesabu, inayoziba pengo mara nyingi ni lugha, kwa sababu umri na miaka ya kazi huwezi kuviongeza kwa kusoma jioni.

Ile alama ya taaluma yenye upungufu ina mtego wake. Orodha inayotumika ni ile ya Kadi ya Buluu ya Ulaya, kibali cha ajira kwa wataalamu: wahandisi, wataalamu wa kompyuta, madaktari, wauguzi, walimu, mameneja wa ujenzi na viwanda na kadhalika. Fundi umeme na fundi bomba hawamo, ingawa mtu akiita fundi bomba katika mji wowote wa Ujerumani atasubiri wiki kadhaa. Huu ni upungufu wa kadi, tena ni mkubwa. Nchi inayozeeka inalilia mafundi wa mikono kuliko karibu watu wote, kisha inawanyima alama inayowapa mameneja.

Uzoefu nao lazima uwe kwenye karatasi. Barua ya mwajiri itaje tarehe ya kuanza na kumaliza, cheo, saa za kazi kwa wiki na kazi ulizofanya hasa, si "alikuwa mfanyakazi mwaminifu na tunamtakia mema". Taarifa ya michango ya NSSF na stakabadhi za mshahara husaidia kuipa barua uzito. Miaka kumi ya jua kali isiyo na karatasi yoyote, kwa hesabu ya kadi hii, ni sifuri.

Sasa pesa. Ada ya viza ni euro 75. Kinachoumiza ni uthibitisho wa kujikimu: kiwango kilichowekwa 2025 ni euro 1,091 kwa kila mwezi wa kukaa, yaani euro 13,092 kwa mwaka mzima, karibu shilingi milioni mbili za Kenya. Kwa kawaida fedha hizo huwekwa kwenye Sperrkonto, akaunti iliyofungwa inayokupa kiasi hicho kila mwezi ukishafika. Hazipotei, ni zako, na viza ikikataliwa hurudishwa. Lakini kuwa zako hakumaanishi kwamba unazo, na familia nyingi hukopa. Njia mbili zinapunguza mzigo. Moja ni mtu anayeishi Ujerumani kukuandikia barua rasmi ya dhamana, mbele ya ofisi ya wageni ya mji wake, na mshahara wake hukaguliwa. Nyingine ni kupata kabla ya safari mkataba wa kazi ya muda, usiozidi saa 20 kwa wiki, kisha mshahara huo ukahesabiwa. Hii ya pili wengi hawaifikirii. Kwa kima cha chini cha mshahara cha euro 13.90 kwa saa kilichoanza Januari 2026, saa 20 kwa wiki zinaleta takribani euro 1,200 kwa mwezi kabla ya makato.

Ukifika, kadi inakuruhusu kufanya kazi yoyote kwa wastani wa saa 20 kwa wiki, iwe kuosha vyombo au kupanga bidhaa ghalani. Inaruhusu pia kujaribiwa kazini hadi wiki mbili kwa kila mwajiri, hata kwa saa zote za siku, mradi kazi iwe ya kiwango cha ujuzi au ikuelekeze huko. Kipengele hiki ndicho bora kuliko vyote katika kadi nzima, nacho kinatumika kidogo. Mwajiri mdogo wa Kijerumani, mwenye karakana ya watu wanane, hajui diploma yako ina thamani gani na hana idara ya kulichunguza. Ila anajua kutazama mtu akifunga nyaya. Andika kwenye barua ya maombi, kwa Kijerumani, kwamba una Chancenkarte na kwamba sheria inamruhusu kukujaribu wiki mbili bila kuomba idhini ya ofisi ya ajira. Wengi hawalijui hilo.

Kasoro iliyo kubwa kuliko zote haionekani siku ya kuomba. Kadi inakuingiza ukiwa na cheti ambacho Ujerumani haijakitambua. Lakini siku unapopata kazi na kutaka kubadili kadi iwe kibali cha ajira, sheria nyingine inauliza: cheti kimetambuliwa? Kama hakijatambuliwa, njia moja iliyobaki ni kuonyesha angalau miaka miwili ya uzoefu na mshahara usiopungua kiwango maalumu, ambacho kwa 2025 kilikuwa euro 43,470 kwa mwaka, isipokuwa mwajiri awe analipa kwa makubaliano ya vyama vya wafanyakazi. Karakana ya watu wanane mara nyingi haimlipi mgeni mpya kiasi hicho. Mtu anajikuta na kazi, na bosi anayemtaka, lakini hana kibali. Kuna nyongeza ya kadi ya hadi miaka miwili kwa aliyepata mkataba wa kazi ya ujuzi ambao haujatimiza masharti ya vibali vingine, kwa idhini ya ofisi ya ajira. Inasaidia kupata muda, lakini tatizo bado lipo.

Kwa hiyo anza utambuzi wa cheti ukiwa bado Nairobi, Mombasa au Dar. Vyeti vya viwanda na biashara vinapelekwa IHK FOSA huko Nürnberg, kwa ada ya kati ya euro 100 na 600. Vya ufundi wa mikono vinapelekwa kwa chemba ya mafundi ya mkoa. Tafsiri iwe ya mtafsiri aliyeapishwa. Muda wa kisheria ni miezi mitatu, lakini saa inaanza kuhesabu faili likiwa kamili, na faili nyingi hurudishwa kwa kukosa mtaala, yaani orodha ya masomo na saa za kila somo. Iombe chuoni mapema, kabla karani anayejua faili zilipo hajahamishwa. Jibu likija kwamba cheti kinalingana kwa sehemu, umepata zile alama nne, na zaidi ya hapo unajua hasa masomo gani yanakosekana. Mwajiri akiona karatasi hiyo anajua anachotakiwa kukufundisha.

Mwombaji aliyevuka miaka 45 ana ukuta mwingine. Anapoingia kwa mara ya kwanza kwenye kibali cha ajira ya ujuzi lazima mshahara wake ufikie kiwango cha juu zaidi, euro 53,130 kwa mwaka 2025, au aonyeshe kwamba ana pensheni ya kutosha. Sababu ni ile ile ya uzee: serikali haitaki mtu achangie mfuko wa pensheni miaka kumi na tano kisha auegemee.

Wauguzi nimesema wasiiguse. Uuguzi unadhibitiwa kwa leseni, na leseni inataka Kijerumani cha B2. Mwenye diploma ya miaka mitatu hupeleka vyeti kwa mamlaka ya jimbo, hupewa barua inayotaja mapengo, kisha huchagua kozi ya kujazia au mtihani wa maarifa. Kwa safari hiyo kuna viza ya utambuzi, na tangu Machi 2024 kuna ushirikiano wa utambuzi: unakuja na mkataba wa mwajiri na Kijerumani cha A2, unafanya kazi kama msaidizi wa muuguzi kwa mshahara huku ukimalizia utambuzi, hadi miaka mitatu. Hulazimiki kufungia euro elfu kumi na tatu benki. Jambo moja wauguzi wa Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo walijue: nchi zao zimo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na kanuni za Ujerumani haziruhusu wakala binafsi kuwasajili huko. Muuguzi mwenyewe ana haki ya kuomba kwa hiari yake. Wakala anayezunguka hospitalini akikusanya majina na ada anavunja kanuni za nchi anayodai kukupeleka.

Vijana waliomaliza sekondari hivi karibuni nao wana njia iliyo bora, ya mafunzo kazini, Ausbildung. Inataka B1, inalipa tangu mwezi wa kwanza, na kwa uanagenzi wa uuguzi katika hospitali za umma posho inazidi euro 1,300 kabla ya makato. Mwishoni unatoka na cheti cha Kijerumani, na lile swali la utambuzi halipo tena.

Wakenya wengi wameisikia kadi hii kupitia mkataba uliosainiwa Berlin tarehe 13 Septemba 2024, Rais William Ruto akiwa na Kansela Olaf Scholz. Ilienea habari kwamba Ujerumani imeahidi nafasi 250,000. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilikanusha mara moja: hakuna idadi yoyote ndani ya mkataba. Mkataba unarahisisha ushirikiano wa viza na kuweka utaratibu wa kuwarudisha wasio na kibali. Haukupunguzii alama hata moja. Anayeuza "nafasi ya Chancenkarte" anauza kitu kisichokuwepo, kwa sababu kadi haina nafasi wala mwajiri ndani yake. Maombi unayajaza mwenyewe kwenye tovuti ya huduma za kibalozi ya wizara ya mambo ya nje ya Ujerumani.

Jaza kwa uangalifu. Tangu Julai 2025 utaratibu wa kukata rufaa ubalozini bila gharama umefutwa duniani kote. Ukikataliwa, unaomba upya au unakwenda mahakama ya utawala ya Berlin. Kosa dogo, kama jina la cheti kutofanana na la pasipoti, linagharimu miezi.

Kuhusu lugha, hesabu iwe ya kweli. Goethe-Institut, taasisi ya kufundisha Kijerumani, inakadiria vipindi 350 hadi 650 vya dakika 45 kufika B1. Kwa vipindi 20 kwa wiki ni kati ya miezi minne na minane, na B2 ni vipindi 600 hadi 800. Mtihani wa B1 una sehemu nne, kila moja inadai asilimia 60, na uliyoanguka unaweza kuirudia peke yake. Mtu anayejiuliza apeleke shilingi laki mbili za kwanza wapi, azipeleke darasani kabla ya kwingine kokote.

Mahali pa kutafutia kazi kuna uzito kuliko watu wanavyodhani. Kila mtu anaikimbilia München au Berlin, ambako chumba kinaweza kumeza pesa zote za akaunti iliyofungwa. Wazee wako mashariki: jimbo la Sachsen-Anhalt lina wastani wa umri wa juu kuliko majimbo yote, na mji wa Suhl huko Thüringen ni miongoni mwa miji iliyozeeka zaidi nchini. Huko kodi ya nyumba ni nafuu na karakana zinafungwa kwa kukosa mrithi. Lakini Septemba 2024 chama cha AfD, kinachopinga uhamiaji, kiliongoza uchaguzi wa jimbo la Thüringen, na Mwafrika anayehamia mji mdogo wa huko ana haki ya kulijua hilo kabla ya kukata tiketi. Leipzig, jiji lenye vyuo na kodi ya wastani, ni njia ya kati inayofaa. Kaskazini, Flensburg ilipokea madereva watano wa mabasi kutoka Kenya kwa majaribio. Miji ya ukubwa huo inafaa kuangaliwa.

Mshahara wako wa kwanza utakatwa asilimia 9.3 kwa ajili ya pensheni, na mwajiri ataongeza kiasi hicho hicho. Fedha hizo zinawalipa wazee wa leo. Ukirudi Afrika Mashariki moja kwa moja, unaweza kudai sehemu uliyokatwa wewe, si ya mwajiri, miezi 24 baada ya kuondoka Umoja wa Ulaya. Tunza namba yako ya bima ya pensheni na kila taarifa ya mwaka.

Na ukipata kazi mwezi wa kumi na moja, peleka maombi ya kubadili kibali kabla tarehe ya kadi haijafika, hata kama miadi ya ofisi ya wageni ni ya miezi mitatu mbele. Maombi yaliyopokelewa kabla ya tarehe huendeleza haki yako ya kukaa hadi uamuzi utoke, na ofisi hukupa karatasi ya kuthibitisha hivyo. Tuma kwa njia inayoacha ushahidi, na uhifadhi risiti.